Niliwaonyesha pa sinia moja, mbona mmekata pa mlango mzima?

Swali hilo tumeulizwa tena mwezi uliopita, na safari hii halikuulizwa kwa upole. Mteja alituletea boti ya futi 31, ya zamani, iliyotengenezwa Uingereza kabla vijana wetu wawili wa karakana hawajazaliwa. Nyuma ya usukani, upande wa kulia, deki ilikuwa inabonyea ukiikanyaga. Pahali penyewe palikuwa pa sinia, kama sentimita 40. Tukampa bei ya kufungua na makadirio ya kurekebisha, tukamwambia kwa mdomo kwamba tukikuta maji yamesambaa hesabu itabadilika. Akaitikia kwa kichwa. Siku ya nne alipopita kuangalia akakuta shimo la sentimita 80 kwa 190. Akasimama mikono kiunoni, akasema, "Nyinyi madaktari gani? Mtu analeta kidole, mnamkata mguu."

Baadaye tukasikia ameyarudia hayo hotelini, kwenye meza ya manahodha wenziwe, na hapa Mtwapa neno likishafika meza hiyo halirudi tena. Kwa hivyo tunaandika. Kosa letu lilikuwa moja, nalo tutalisema mbele. Lakini kukata pakubwa halikuwa kosa.

Wengi wanadhani deki ya faiba ni faiba tupu. Kwenye boti nyingi za rika hilo tumbo la boti ni faiba tupu kweli, lakini deki na paa la kibanda ni mambo mengine. Huko kuna ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake kiini. Kiini cha zamani kwa kawaida ni balsa, mti mwepesi mno unaotoka Amerika Kusini, uliokatwa vipande vidogo vya mraba vikasimamishwa nyuzi zikitazama juu na chini. Boti nyingine zina plaiwudi. Za miaka ya karibuni nyingi zina povu gumu.

Kipande cha faiba cha milimita 3 ukikishika mkononi utakipinda. Chukua viwili, weka katikati balsa ya milimita 12, vishikane barabara juu na chini, utasimama hapo na ndoo ya chambo mkononi na hapatatikisika. Nguvu yote imo kwenye kule kushikana. Kiini kikilowa kikaachana na ngozi, unabaki na vipande viwili vyembamba, kila kimoja kinajipinda kivyake, na katikati umeweka mkate wa boflo uliochovywa chai. Hiyo ndiyo deki inayobonyea.

Sasa, maji yanaingiaje? Hayapenyi kwenye faiba nzima. Yanafuata skrubu. Kishikio cha kamba, nguzo ya reli, kitako cha antena, bawaba za kifuniko, bolti za kile kiti cha kupigania nduaro: kila kimoja ni tundu lililotobolewa mpaka kwenye kiini, likazibwa na silikoni. Silikoni inachoka. Samaki anavuta, kiti kinacheza kidogo tu, uzi wa nywele unafunguka, basi. Na msilaumu sana bahari. Maji ya chumvi huwasumbua kidogo wale kuvu wanaoozesha mbao, ila ya mvua hayawasumbui hata chembe. Boti iliyoachwa wazi masika mbili bila turubai imekula maji mabaya zaidi kuliko iliyolowa mawimbi msimu mzima.

Vile vipande vya balsa vina nafasi nyembamba baina yao, maana ndivyo vinavyowezesha ubao kujipinda kufuata umbo la deki. Mjenzi akiwa hakuzijaza vizuri resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba, nafasi hizo zinakuwa mitaro. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Kwenye boti ya huyu mteja wetu maji yaliingilia kwenye kitako cha antena kilichong'olewa zamani, skrubu zake nne zikazibwa kwa fila ya magari. Kutoka hapo hadi palipobonyea ni zaidi ya mita moja. Palilainika nyuma ya usukani kwa sababu hapo ndipo nahodha husimama siku nzima. Deki hulegea mnapoikanyaga, na mlango wa maji uko kwingine kabisa.

Tunapokagua hatuanzi na mashine. Tunaanza na mpini wa nyundo. Gonga taratibu, kila sentimita tano, ukisikiliza. Deki nzima inajibu mlio mkavu, ko, ko. Iliyoachana inajibu bu. Mpaka wa sauti hizo tunauchora kwa penseli, na mteja akiwepo tunampa mpini agonge mwenyewe. Kipima unyevu tunacho pia, ila hatukiabudu: kikipita juu ya tangi au bati lililo chini ya deki, au rangi yenye madini, kinapiga kelele bure. Mwisho tunafungua skrubu moja mbili kwa chini tuone kitakachotoka. Pakitoka maji ya rangi ya strungi yenye harufu ya majani yaliyooza, hakuna tena cha kubishania.

Hesabu ya lile shimo ni hii. Palipobonyea palikuwa sentimita 40. Balsa iliyolowa, tulipoinua ngozi, ilikuwa upana wa 60 na urefu wa 170. Hatuwezi kuishia pale penye mpaka wa unyevu, tunaingia sentimita 5 ndani ya balsa kavu kila upande: 70 kwa 180. Halafu ngozi ya juu haiungwi kwa kugusanisha ukingo na ukingo kama vigae. Tunaichonga mteremko, na mteremko wetu ni mara 12 ya unene. Ngozi yake ilikuwa milimita 4, mara 12 ni 48, sema sentimita 5 kila upande. Ndiyo hiyo 80 kwa 190. Hakuna hata sentimita moja tuliyoongeza kwa tamaa. Fundi atakayekuunganishia kwa mteremko wa sentimita moja atakutoza nusu, na ufa utarudi umefuata mshono wake kama umepigwa rula.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni sindano. Unatoboa vijitundu juu ya deki, unapiga epoksi nyembamba, resini ya aina ya gundi kali, kwa bomba la sindano mpaka ijae, unafuta, unapaka rangi. Siku moja. Hakuna vumbi, hakuna turubai. Wateja huja wameiona kwenye simu na kutuuliza kwa nini sisi tunapenda kuteseka.

Pahali pakavu palipoachana tu bila kulowa, sindano inasaidia, na tumeifanya. Lakini mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kunywa epoksi. Epoksi inaganda palepale penye tundu, inakuwa gololi, na maji yanabaki yamezunguka gololi. Miaka michache iliyopita ilitujia boti ya namna hiyo kutoka Kilifi. Mtu alikuwa ametoboa matundu 64, tuliyahesabu kwa sababu kila moja lilitugharimu. Deki iliyooza tupu huwa tunaitoa kwa patasi pana na mara nyingine kwa koleo la mchanga, inatoka kama ugali uliolala. Hii ilikuwa na vinundu 64 vilivyoshika ngozi ya chini kwa nguvu zote, na baina yake uozo. Kila kinundu tulikisaga kwa grinda. Vinne viling'oka na kipande cha ngozi ya chini, tukaona mito ya kibanda kupitia deki. Kazi ambayo ingekuwa wiki mbili ilikwenda wiki tano. Mwenye boti alilipa sindano mara moja na kutulipa sisi karibu mara mbili ya bei ambayo angelipa mwanzo.

Watu hupenda kutuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye deki yenye maji ndani, aliyeziba ufa ndiye aliyejenga ukuta. Ufa wazi angalau ulikuwa unapitisha hewa.

Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua za mbao na hakuwahi kuipenda faiba. Mashua ikivuja, alisema, inakuonyesha yenyewe: unaona mstari wa maji kwenye ubao, unang'oa kalafati, ile pamba ya kuzibia, pale, unapigilia mpya, unapaka sifa, yaani mafuta ya papa, unarudi baharini. Faiba inanyamaza, inang'aa kwa nje miaka kumi, huku ndani imekufa. Sisi faiba ndiyo inatulisha, hatuwezi kuisema hivyo mbele za watu, lakini siku tukifungua deki kama ile ya Kilifi tunamkumbuka.

Mkato mwingine ni kulaza faiba mpya juu ya deki mbovu. Huu hauhitaji maelezo mengi. Umeongeza uzito juu ya kiini kisichobeba, maji umeyafungia, na atakayefungua baadaye atakata ngozi mbili badala ya moja.

Tuje kwenye bei ya vifaa, maana hapo ndipo tunapoitwa wezi. Resini ya polista inauzwa kwa galoni, mafundi wa matangi na bodi za matatu wanaitumia, na ni nafuu. Tunaitumia pia, kwenye kazi mpya. Lakini polista ikilazwa juu ya faiba iliyokwisha kuganda miaka thelathini iliyopita inashika kwa mikwaruzo ya msasa tu, na kwenye mbao inashika vibaya zaidi. Epoksi ndiyo gundi ya kweli hapo, na bei yake ni ya kuumiza. Kuna mteja alitununulia mati yake mwenyewe mjini ili apunguze gharama. Tukamrudishia. Mati ile ya nyuzi zilizokatwakatwa imeshikizwa kwa gundi iliyokusudiwa kuyeyuka ndani ya polista. Ukiitia kwenye epoksi inakaa ngumu na nyeupe kama kitambaa kilichokataa maji. Epoksi inataka nguo ya faiba iliyoshonwa. Akafikiri tunamfanyia ujanja ili anunue yetu. Tukampa kipande na kikombe cha epoksi ajaribu mwenyewe juu ya plastiki. Alijaribu, akaondoka na mati yake, akarudi na pesa ya nguo.

Kisha wale wanaosimama nyuma ya fundi wakisema, "Ongeza hadina ikauke upesi." Hadina ni ile dawa ya kugandishia resini. Kwenye polista kichocheo, ndiyo hadina yake, kina nafasi ndogo ya kuchezea, kati ya asilimia 1 na 2. Epoksi haina mchezo huo. Kipimo cha kopo ndicho kipimo, tunapima kwa mizani; ukizidisha hadina haikauki mapema, inabaki laini milele kama jojo. Na kwa joto letu huhitaji kuiharakisha. Kila nyuzi 10 za joto zinazopanda, muda wa kuichezea hupungua kama nusu. Kijana wetu mmoja alichanganya kilo mbili ndani ya ndoo saa saba mchana mwezi wa Machi, akaenda kujibu simu. Aliporudi ndoo ilikuwa inatoa moshi na imeanza kuyeyuka. Tangu siku hiyo tunachanganya kidogokidogo, kwenye trei pana, na simu zinakaa kwenye droo.

Na tuna kosa jingine la zamani, tusije tukaonekana malaika. Mwaka mmoja tulikuwa na haraka, mwezi wa Mei, mvua zikipishana. Tulilaza nguo ya kwanza jioni, asubuhi tukalaza ya pili bila kuosha. Epoksi ikigandia kwenye unyevu hutoa utando kama nta juu yake, hauuoni ila ukipapasa. Dawa yake ni maji tu na kitambaa cha kusugulia, kabla ya msasa. Hatukuosha. Baada ya miezi mitatu tabaka la pili likaanza kuinuka kwenye kona. Tulilikata lote, tukarudia kwa gharama yetu, na kijana aliyekuwa akisaga alijikuna wiki nzima kama aliyepita kwenye upupu. Sasa kila tabaka linaoshwa hata kama jua linawaka. Wateja wanaotuona tunaosha deki kwa maji baada ya kuhangaika wiki moja kuikausha huwa wanacheka, na wana haki ya kucheka.

Kukausha kwenyewe ndiko kunakokula siku. Ukishatoa kiini chote kibovu, kingo za kilichobaki bado zina unyevu. Tunafunga turubai, tunawasha feni mchana na usiku, tunaacha. Kujua kama pamekauka tunabandika karatasi ya plastiki angavu kwa utepe pande zote, inalala hapo. Asubuhi ikiwa na vitone upande wa ndani, tunasubiri tena. Si sayansi ya maabara, lakini haijatudanganya. Ndipo tunalaza kiini kipya juu ya epoksi iliyokorezwa kama uji mzito, tunakigandamiza kwa mifuko ya mchanga, na tunajaza kila mtaro ili siku nyingine maji yakiingia yasipate pa kutembea. Ngozi ya juu ikiwa nzima tunairudisha ileile, inaokoa pesa. Ikiwa imepasuka tunajenga mpya. Tunamaliza kwa rangi ya makopo mawili, kwa kuwa gelikoti ya kawaida, ile ngozi ya rangi ya nje ya faiba, haikai vizuri juu ya epoksi.

Mahali pote pa skrubu hatutoboi tena kiini. Tunatoboa tundu pana, tunachimba kiini pembeni kwa msumari uliopindwa uliofungwa kwenye keekee, tunajaza epoksi nzito, ikiganda tunatoboa tundu la bolti katikati yake. Maji yakipita kwenye bolti yanakutana na epoksi tupu. Kila tundu moja ni kama nusu saa ya kazi, na boti ina matundu mengi, ndiyo maana mstari huo kwenye bili ni mrefu. Hatuuondoi hata ukituomba. Kuirudisha deki mpya na matundu ya zamani ni kukualika tuonane tena.

Boti ndogo za mashine za kupachika zina ugonjwa huohuo kwa nyuma, kwenye ubao unaobeba mashine. Humo kuna plaiwudi. Kundi la wavuvi lilituletea boti ya futi 23 ambayo mashine ilikuwa inainama kila wakiongeza mwendo. Waliwahi kufunga bamba la alumini nje na ndani, wakakaza bolti nane. Kila mwezi walikaza zaidi, wakafurahi kwamba bado zinakaza. Zilikuwa zinakaza kwa sababu zilikuwa zinakamua. Tulipofungua, plaiwudi ilitoka kwa kijiko, kijiko cha kulia, tuliwapa wenyewe wachote. Bolti nane zilikuwa matundu nane mapya ya maji. Hao hawakulalamika bei. Walihesabu mashine ya farasi 40 ikiwa chini ya bahari, wakanyamaza.

Shida yetu kubwa hapa pwani ni kalenda. Boti za uvuvi wa kitalii zinapumzika kusi ikichacha, mwezi wa tano hadi wa saba, na ndio wakati masika inatunyeshea. Yaani boti zinapatikana pale ambapo hakuna kinachokauka. Kisha mwisho wa Julai simu zinaanza: msimu unafungua Agosti, wageni wameshalipa, nifanyie kwa wiki mbili. Hatuwezi. Mwenye kujua deki yake inabonyea atuite Februari, kaskazi ikiwa bado kavu. Hata kama hawezi kuitoa boti majini wakati huo, tuigonge, tuzibe njia za maji kwa juu, tuifunike vizuri, masika isiongeze. Anayengoja bamvua ya mwisho kabla ya msimu ndipo aipandishe, atapewa foleni.

Na sasa kosa letu kwa yule bwana wa futi 31. Tulimwambia kwa mdomo kwamba bei inaweza kubadilika, tukatosheka na kichwa chake. Halafu tukakata mpaka mwisho bila kumwita aje aone. Angeona maji yakitoka kwenye kitako cha antena kwa macho yake, asingekuwa na la kusema hotelini. Kuanzia sasa tunatoza bei mbili, kila moja na karatasi yake. Ya kwanza ni ya kuinua ngozi pale pabaya zaidi, na mwenye boti au nahodha wake lazima awepo siku hiyo. Ya pili inaandikwa palepale, shimo likiwa wazi, na anayeiona ni kubwa anaruhusiwa kulipa ya kwanza tu na kwenda zake. Tutamfunikia kwa plaiwudi na turubai asilowe njiani.

Deki yake imekwisha, iko nje kwenye nanga. Amelipa, ila salamu bado ni za mbali. Juzi amemtuma shemeji yake na boti ya futi 19, akamwagiza asiondoke mpaka aone tunapokata. Shemeji alikaa na kiti chake tangu asubuhi hadi saa kumi, na aliyeshika mpini wa nyundo ni yeye.

Wanaotaka kuletwa kwenye orodha ya Februari watupigie mapema. Kugonga hatulipishi, mradi boti ije bila masanduku ya barafu, magodoro na mitungi ya mafuta juu ya deki, maana mara ya mwisho tulimaliza nusu siku tukihamisha mizigo kabla hatujagonga hata mara moja.